Nusu Kidonge cha Mkaguzi

Kila asubuhi, kabla mashine ya kusaga haijawashwa, paka alikuwa ameshaanza kazi.

Alipita juu ya magunia moja baada ya jingine. Alinusa kamba, akanusa pembe, akaenda gunia lingine. Akisimama mahali na kuketi, watu walijua kuna jambo. Ama gunia limetobolewa, ama panya yumo ndani. Kwa sababu hiyo aliitwa Mkaguzi. Wateja walisema hakuna mkaguzi mwingine kama yeye, maana hapokei hongo, labda iwe ya samaki.

Mashine ilikuwa ya Mama Unga. Jina lake halisi wengi walikuwa wamelisahau, kwa sababu ilipofika saa sita mchana hata kope zake zilikuwa nyeupe. Mumewe alipima nafaka na kufunga magunia. Watu walimwita Kamba. Na pale mlangoni, kwenye kiti cha mbao, alikaa baba yake Kamba, ambaye kila mtu alimwita Babu.

Babu ndiye aliyeianzisha mashine ile, yeye na mkewe. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita. Kazi ya mashine ikaenda kwa Mama Unga, mke wa mwanawe. Paka hakupewa mtu. Alijichagulia mwenyewe, akahamia miguuni pa Babu.

Tangu hapo Babu alizungumza na paka kuliko alivyozungumza na watu. Alimweleza kwamba mkanda wa mashine umelegea. Alimweleza kwamba unga wa leo si laini kama wa zamani. Alisema kwa sauti kubwa, ili mkwe wake asikie vizuri. Mama Unga alisikia, akakaza mkanda.

Palikuwa na sauti moja ambayo Mkaguzi aliipenda kuliko zote. Kamba alipomimina nafaka kwenye mdomo wa mashine, aligonga chini ya debe mara mbili, ko-ko, ili isibaki hata punje. Marehemu naye alikuwa akimwita paka kula kwa kugonga debe tupu vivyo hivyo. Kwa hiyo kila debe lilipogongwa, Mkaguzi alikuja kuangalia kama ni zamu yake. Mara nyingi haikuwa zamu yake. Hakuvunjika moyo.

Siku moja asubuhi Mkaguzi hakukagua chochote. Alikuja akichechemea, akalala chini ya kiti cha Babu. Paja lake la nyuma lilikuwa limevimba kama yai. Babu aliligusa, lilikuwa moto. Paka akalia.

Walimtia kwenye kikapu chenye kifuniko, Mama Unga na Babu wakampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari aliliangalia paja na kusema kwamba Mkaguzi ameumwa na paka mwenzake. Meno ya paka ni membamba. Yanaingiza uchafu ndani, kisha ngozi inafunga juu yake, na chini yake jipu linaota. Alilipasua, akalisafisha, akampiga sindano. Halafu akawapa vidonge kwenye bahasha ndogo.

"Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, baada ya chakula," alisema. "Siku kumi. Hata mkiona amepona, msiache. Uchafu huu ukifika kwenye mfupa, anaweza kupoteza mguu. Anaweza hata kufa."

"Nani atampa?" Babu aliuliza.

"Mimi, baba," Mama Unga alijibu.

Njia nzima Babu alitazama barabara. Walipofika mlangoni ndipo aliposema, bila kumtazama, kwamba huyu paka ndiye aliyebaki kwake. Mama Unga aliona neno lile limemkaa kifuani. Alijua kosa lake kwenye mashine lingesamehewa. Kosa hili halingesamehewa.

Jioni hiyo Kamba alijitolea kusaidia. Alisaga nusu kidonge kwa mgongo wa kijiko, kwani wao kazi yao ni kusaga. Akachanganya na bakuli zima la samaki. Mkaguzi alinusa. Akala pembeni, akala upande wa pili, akaacha kilima kidogo katikati. Kilima kilikuwa cheupe.

"Amekula kweli, lakini dawa ameibakiza," alisema Kamba.

"Amekagua," alisema Babu.

Basi asubuhi ya pili Kamba akaja na maarifa mengine. Aligonga debe tupu, ko-ko. Mkaguzi akaja mbio kwa miguu mitatu na mkia juu. Kamba akamrukia na kumkamata shingoni. Mama Unga akampanua mdomo na kusukuma kidonge. Kilitemwa mara mbili, mara ya tatu kikaingia. Mkono wa Mama Unga ukachanika kutoka kifundo mpaka kiwiko.

"Lakini kimeingia," Kamba alisema. Jioni walifanya hivyo tena. Kesho yake asubuhi walifanya hivyo tena, ingawa Mkaguzi alikuja polepole na mkia chini.

Jioni ya siku hiyo debe liligongwa na paka hakuja.

Asubuhi iliyofuata wateja walipoanza kufika, Kamba akapima nafaka kama kawaida yake. Ko-ko. Mkaguzi, aliyekuwa amelala chini ya kiti, akaruka kama aliyechomwa. Akapanda juu ya magunia, akapanda ukutani, akafika kwenye boriti chini ya paa. Ko-ko, mteja wa pili. Akarudi nyuma zaidi gizani. Wateja siku ile walikuwa thelathini na kitu. Hesabu wewe mwenyewe debe liligongwa mara ngapi.

Walimwita kwa jina. Walimwonyesha samaki. Kamba alileta ngazi, ngazi ikawa fupi. Nusu kidonge cha asubuhi hakikunywewa, na cha jioni hakikunywewa. Pamoja na kile cha jana yake, vikawa vitatu. Chini nako wahenga walikuwa wamesema kweli: paka akiondoka, panya hutawala. Gunia moja lilikuwa na tundu tayari.

Lakini Mama Unga hakuyajali magunia. Aliuangalia mguu mmoja uliokuwa unaning'inia kwenye boriti. Paja lilikuwa limeanza kuvimba tena.

Asubuhi ya siku ya tano Babu alimwita mkwe wake kando. Akatoa kwenye mfuko wa shati kidonge kilichofungwa katika karatasi.

"Hiki kinanisaidia mimi magoti," alisema. "Kata kipande, kibandike kwenye samaki, umrushie juu huko. Angalau maumivu yapungue."

Mama Unga alikipokea. Hakuwa na maarifa mengine. Alikuwa amesimama nacho kiganjani, akitafuta kisu, wakati jirani yao alipoingia na mfuko wa nafaka kichwani.

Jirani huyu alifanya kazi kwenye kliniki ya daktari wa mifugo. Yeye ndiye aliyewashika wanyama walipotibiwa, na ndiye aliyewaonyesha watu jinsi ya kuwahudumia nyumbani. Mtaani walimwita Muuguzi. Wiki hiyo alikuwa likizo, kwa hiyo hakujua habari za Mkaguzi. Aliwaamkia wote, Babu kwanza. Kisha akakiona kile kidonge.

"Hicho ni cha nani, dada?"

"Cha baba. Nataka kumpa paka."

Muuguzi alitua mfuko chini. Akakichukua kidonge kutoka kiganjani mwa Mama Unga, akakigeuza na kusoma maandishi.

"Hii ni paracetamol," alisema. "Kwa mtu ni dawa. Kwa paka ni sumu. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu. Kipande kidogo tu kinaweza kumuua."

Babu alikaa kwenye kiti chake. Aliibana mikono yake katikati ya magoti. "Mimi nilitaka kumsaidia," alisema.

"Najua, mzee. Wengi wanaofanya hivyo wanampenda paka wao. Ndiyo maana tunasema kila siku: dawa ya mtu asipewe mnyama mpaka daktari wake aseme."

Mama Unga akamsimulia yote. Alisimulia jipu, bakuli la samaki, mkono uliochanika, boriti. Alisema kwa aibu, maana aliona kama anasoma orodha ya makosa yake mbele ya baba mkwe. Wakati anasimulia, Kamba alimhudumia mteja. Ko-ko. Juu, mkia mmoja ukatoweka gizani.

Muuguzi aliinua macho.

"Mkimwita kula mnafanyaje?"

"Tunagonga debe," alisema Kamba.

"Na mkitaka kumpa dawa?"

Kamba akalitazama debe lililokuwa mkononi mwake.

"Tunagonga debe," Mama Unga alimjibia.

"Basi mmempa sababu ya kukimbia," alisema Muuguzi. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakatai dawa tu, anakataa sauti. Na hapa kwenu sauti hiyo haikomi kutwa nzima. Atashukaje?"

Muuguzi akaendelea kwa upole. Alisema paka asiitwe kwa chakula kisha akamatwe. Asikamatwe kwenye sahani yake wala kwenye malazi yake. Ukifanya hivyo atapoteza vyote viwili, chakula na usingizi, na mgonjwa asiyekula hali yake huwa mbaya haraka. Dawa iwe na mahali pake. Umfuate taratibu, umbebe, umpeleke huko. Ikiisha, apate kitu kizuri.

"Lakini kwanza ashuke," alisema. "Debe linyamaze kwa muda. Mashine pia."

Mama Unga alitazama nje. Wateja kumi na mmoja walikuwa wamekaa juu ya mifuko yao. Kisha akamtazama Babu. Tangu aolewe katika nyumba ile alikuwa amesikia neno moja: mashine haizimwi mchana. Ilizimwa siku ya mazishi ya mama mkwe, basi.

Babu aliinuka. Alitembea mpaka kwenye mashine kwa magoti yake mabovu, akashika kipini, akakivuta chini. Mkanda ukazunguka, ukapunguza mwendo, ukasimama. Ukimya ukaingia ndani.

"Waambieni warudi saa nane," alisema Babu. "Anayeudhika aje aniudhikie mimi."

Wateja walinung'unika kidogo. Mwanamke mmoja mnene aliuliza kama ni kweli mashine imezimwa kwa ajili ya paka. Alipoambiwa ni Mkaguzi, akasema afadhali, mkaguzi akifa tutakula panya kwenye unga. Wakaondoka.

Muuguzi alimpigia daktari simu. Daktari alisema wasimpe dawa nyingi kwa mkupuo ili kufidia zilizopotea. Wampe nusu kidonge chake cha leo tu, na kesho wamlete aangaliwe tena.

Kisha Mama Unga akaweka samaki kidogo chini ya boriti. Debe hakuligusa, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Hakuna aliyesogea. Robo saa ikapita. Kamba alitaka kupiga chafya, akajibana pua mpaka machozi yakamtoka.

Mkaguzi alishuka. Alikula kipande kimoja, akatazama. Hakuguswa. Akala cha pili. Hakuguswa. Akamaliza vyote, akaketi, akaanza kujilamba uso.

"Sasa," alinong'ona Muuguzi. "Akishaanza kuoga, roho imetulia. Usimfuate mbio. Nenda kama unapita tu."

Mama Unga akaenda kama anapita tu. Akamchukua paka kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya makalio, akiulinda mguu mbovu. Wakaingia stoo, chumba kidogo chenye meza, wakafunga mlango. Muuguzi alikuwa ametandika taulo mezani. Kila kitu kilikuwa tayari kabla paka hajaingia: nusu kidonge, bomba dogo la sindano lisilo na sindano lenye maji, na kipande cha samaki. "Usianze kutafuta dawa ukiwa umeshika paka," alisema.

Alimfunga Mkaguzi kwa taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu nje. Miguu yote minne ilikuwa ndani, kucha zake zikiwa zimefungwa pamoja nayo.

"Wewe, kaka, mshike mabega. Usimminye, mzuie tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na wewe dada, mkono wa kushoto uweke juu ya kichwa chake. Kidole gumba upande huu wa shavu, kidole cha kati upande ule. Inua kichwa kidogo, pua itazame juu."

Mama Unga alifanya hivyo. Taya la chini likalegea lenyewe.

"Kidonge kishike kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole cha kati kishushe taya. Angalia ulimi wake. Ukikiweka mbele atakitema. Kiangushe nyuma kabisa, katikati, pale ulimi unapoanza. Sasa."

Kidonge kikaanguka. Muuguzi akamwambia afunge mdomo wa paka, ashushe pua, amsugue koo kwa kidole. Mkaguzi akameza. Ulimi ukatoka na kulamba pua.

"Akilamba pua, ujue kimepita. Lakini bado. Kidonge kinaweza kukwama kwenye koo na kulichoma. Mpe maji kidogo, kwa pembeni ya mdomo, tone kwa tone. Usimpigie maji kooni, atapaliwa."

Wakampa maji. Wakamfungua taulo. Kabla hajaruka, samaki alikuwa mbele ya pua yake. Akala pale pale mezani. Shughuli nzima haikufika dakika mbili. Mama Unga aliitazama mikono yake. Haikuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja.

"Na kusaga je?" Kamba aliuliza. "Maana mimi niliona kusaga ni rahisi."

"Kwa nafaka," alisema Muuguzi. Kisha akaeleza kwamba vidonge vingine vikisagwa vinakuwa vichungu sana, na vingine haviruhusiwi kusagwa kabisa. Ni lazima kumuuliza daktari. Na hata ikiruhusiwa, dawa isiwekwe kwenye bakuli zima, maana paka akibakiza hujui amekunywa kiasi gani. Kuna paka wanaokubali kidonge kikifichwa ndani ya tonge dogo la nyama. Wape tonge tupu kwanza, halafu lenye dawa, halafu tupu tena upesi. Lakini Mkaguzi, kwa jina lake tu, asingedanganyika.

Kesho yake daktari alilisafisha paja upya. Aliongeza vidonge ili siku zilizopotea zirudishwe. Alisema wamewahi. Siku mbili zaidi, alisema, na angekuwa anazungumza nao habari nyingine.

Kamba akachora mistari ya chaki kwenye mlango wa stoo, mmoja kwa kila nusu kidonge. Anayempa paka dawa anafuta mstari mmoja, ili asije mwingine akampa mara ya pili. Na hakuna aliyeruhusiwa kufuta kwa kukisia.

Siku mbili za kwanza Mkaguzi alijaribu kupinga. Alinguruma ndani ya taulo. Siku ya tatu alinguruma kwa desturi tu. Debe liligongwa kutwa nzima na hakuna aliyemkamata. Pole pole akaanza kulala chini tena. Siku ya sita jeraha la paja lilikauka. Siku ya saba akatoka na panya mdomoni, akampita Kamba na kumpelekea Babu.

"Huyu amepona," alisema Kamba. "Vidonge vilivyobaki vya nini? Tumpumzishe."

"Daktari hakusema mpaka akamate panya," Mama Unga alijibu. "Alisema mpaka viishe." Akaingia stoo na taulo.

Zilipobaki dozi mbili walimrudisha kliniki. Daktari aliliminya paja, Mkaguzi hakujali. Daktari alisema limepona, wamalizie tu.

Jioni ya mwisho ulibaki mstari mmoja mlangoni. Mama Unga alitandika taulo na kuweka maji tayari. Mlango ukagongwa. Alikuwa Babu. Aliuliza kama anaweza kumpa yeye, hiki kimoja.

Mama Unga alimshika paka mabega. Mara ya kwanza kidonge kilianguka mbele ya ulimi, kikatemwa. Mama Unga alimwambia Babu asiharakishe, apunguze pumzi, ashike mashavu na si taya. Alimwelekeza kama Muuguzi alivyomwelekeza yeye. Safari ya pili kidonge kikaanguka nyuma. Babu alisugua koo kwa kidole kimoja. Ulimi ukatoka ukalamba pua.

Babu hakuuondoa mkono wake kichwani mwa paka. Akasema, akimtazama paka, lakini kwa sauti ya chini, si ile ya kusikilizishwa mtu:

"Siku ile ya daktari niliogopa. Si kwamba paka atakufa, paka hufa. Niliogopa atafia mikononi mwako, kisha mimi nitakuchukia. Na sitaki kukuchukia, mwanangu. Sina mtu mwingine anayenikazia mkanda nikilalamika."

Mama Unga alijifuta macho kwa kiganja, unga ukamwingia machoni, akazidi kutoa machozi. Babu akampa ncha ya taulo. Kisha akainuka kwa shida, akaenda mlangoni, akaufuta mstari wa mwisho kwa kidole chake mwenyewe.